Sura ya Sita: Mbaazi na Jua

Watu wanakumbuka koti. Jim Boeheim, mzee wa miaka 69, kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Syracuse tangu 1976, mtu mwenye ushindi zaidi ya 900 kwenye daftari lake, alichomoka kwenye benchi akavamia uwanja huku koti la suti likiwa limemvuka nusu, mkono mmoja ndani, mwingine nje. Alikuwa akimpigia refa kelele za maneno ambayo hayaandikiki katika kitabu cha familia. Refa akampiga faulo ya teknikali ya kwanza, kisha ya pili. Akatolewa nje.

Ilikuwa Jumamosi, Februari 22, 2014, mjini Durham, North Carolina, ndani ya Cameron Indoor Stadium. Huo ni ukumbi mdogo wa Chuo Kikuu cha Duke, unaoingiza watu 9,314, na wanafunzi husimama pembezoni mwa uwanja karibu kiasi cha kumpulizia pumzi mchezaji anayerudisha mpira mchezoni. Zilibaki sekunde 10.4. Duke walikuwa na 60, Syracuse 58. C.J. Fair, mfungaji mkuu wa Syracuse, alipokea mpira pembeni, akamkata mlinzi wake kwa kupita kando ya mstari wa mwisho, akapaa. Rodney Hood wa Duke akajitia mbele yake. Miili ikagongana, Hood akaenda chini, mpira ukatumbukia kwenye ringi, na kipenga kikalia.

Kipenga kile kingeweza kusema moja kati ya mambo mawili. Kwamba Hood ameziba njia isivyo halali: kikapu kihesabiwe, iwe 60 kwa 60, na Fair apewe mtupo huru mmoja wa kuipa timu yake uongozi. Au kwamba Fair amemgonga mlinzi aliyekwisha kushika nafasi yake: kikapu kifutwe, mpira wapewe Duke. Refa akachagua la pili. Ndipo koti likaanza kuvuka.

Duke walipewa mitupo huru ya zile teknikali mbili pamoja na mpira, na mchezo ukaisha 66 kwa 60. Baada ya mechi Boeheim aliuita uamuzi ule mbaya kuliko wote wa mwaka.

Waswahili tuna methali inayomngoja kila kocha mlalamishi mlangoni: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ni methali nzuri, lakini huwa tunaitumia kwa haraka mno, kana kwamba jua halijawahi kuunguza mbaazi. Sura hii inauliza maswali yote mawili kwa pamoja: je, jua lilikuwa kali siku ile? Na je, mbaazi ulikuwa na maua?

Tuanze na jua.

Msimu ule wa 2013-14 mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani ulikuwa unajitibu. Msimu uliotangulia, wastani wa timu kufunga katika daraja la kwanza la wanaume ulishuka hadi pointi 67.5 kwa mechi, kiwango cha chini kuliko chote tangu 1951-52. Januari 2013, timu ya Northern Illinois ilimaliza nusu nzima ya mchezo dhidi ya Eastern Michigan ikiwa na pointi 4. Si 14. Nne. Katika mitupo 31 ya dakika 20 zile, ukiacha mitupo huru, uliingia mmoja. Watazamaji walikuwa wameanza kuchoka kuona miereka badala ya kikapu, walinzi wakiwashika washambuliaji viuno kama watu wanaozuia mbuzi asitoke zizini.

Wasimamizi wa kanuni wakaingilia. Wakawakumbusha marefa kupiga faulo kila mlinzi anapomwekea mwenye mpira mkono mwilini. Na wakabadilisha kanuni ya kugongana, ile inayowaumiza marefa vichwa kuliko zote. Zamani, mlinzi alitakiwa awe ameshika nafasi kabla miguu ya mshambuliaji haijaondoka sakafuni. Kanuni mpya ilisema awe ameshika nafasi mapema zaidi: mshambuliaji akishaanza kuinua mpira ili arushe au atoe pasi, mlinzi haruhusiwi tena kujisogeza kwenye njia yake.

Fikiria maana yake kwa mtu aliyeshika kipenga. Zamani aliangalia miguu. Sasa anatakiwa aangalie mikono ya mmoja na miguu ya mwingine, kwa wakati uleule, watu wawili wazito wakimjia mbio, na uamuzi autoe papo hapo. Marefa wenyewe si waajiriwa wa kudumu wa timu wala wa ligi. Ni watu wa mkataba wanaolipwa kwa mechi, na walio bora miongoni mwao huchezesha katika ligi kadhaa za vyuo, ziitwazo makongamano: leo mji huu, kesho ndege, keshokutwa mji mwingine. Ukiwabadilishia kanuni waliyoizoea kwa miaka mingi, macho yao yatakubali kabla ya mikono. Kipenga kitaendelea kulia kwa mazoea.

Wengi walioirudia picha ya Fair na Hood waliona mlinzi bado anasogea wakati mpira umekwisha kuanza kupanda. Kwa kanuni ya msimu ule, hiyo ni faulo ya Hood. Kwa kanuni ya zamani, watu wangebishana hadi usiku. Na ushahidi mkubwa kwamba kanuni yenyewe ilikuwa mzigo ni huu: haikufika mwaka wa pili. Msimu uliofuata kigezo kilirudishwa kwenye miguu ya mshambuliaji kuondoka sakafuni.

Kwa hiyo ndiyo, jua lilikuwa kali. Boeheim hakuwa anaota.

Lakini jua halina timu. Wiki tatu kabla, Februari 1, timu hizohizo zilikutana Syracuse, mbele ya watu 35,446, umati mkubwa kuliko wowote uliokuwa umewahi kuingia katika uwanja wa chuo kutazama kikapu. Duke walitumbukiza mipira 15 ya pointi tatu, mmoja kati ya hiyo ukiusawazisha mchezo kengele ikilia. Katika muda wa nyongeza, zikiwa zimebaki sekunde chache na Duke wakiwa nyuma, mchezaji mmoja wao alipaa kwenda kuusukumiza mpira ndani ya ringi kwa nguvu. Rakeem Christmas wa Syracuse akamkuta hewani. Mpira haukuingia. Safari hii benchi la Duke ndilo lililofura, kwa sababu kipenga hakikulia kabisa. Syracuse wakashinda 91 kwa 89.

Mchezaji yule aliyenyimwa faulo alikuwa Rodney Hood. Wiki tatu baadaye, akiwa amelala chali kwenye sakafu ya Durham, alipewa.

Shabiki wa Syracuse anaikumbuka faulo ya Durham na kuusahau ukimya wa Syracuse. Wa Duke ana kumbukumbu iliyogeuzwa. Ndivyo sote tulivyo. Tunabeba madeni tunayodai, tunayodaiwa tunayaacha njiani. Hata katika viwanja vyetu vya lami, ambako hakuna refa na kila mtu hujiitia faulo yake, sijawahi kumsikia mtu akipaza sauti kuiita faulo ambayo yeye ndiye aliyeifanya.

Sasa tuutazame mbaazi.

Syracuse walianza msimu kwa kushinda mechi 25 mfululizo. Walikuwa namba moja nchini. Rekodi ya namna hiyo humziba mtu macho, maana nani atathubutu kuuliza maswali nyumba ambayo haijafungwa? Lakini ziweke pointi pembeni ya tarehe, uone. Februari 12, Pittsburgh: ushindi wa 58 kwa 56, uliopatikana kwa sababu Tyler Ennis, kijana wa mwaka wa kwanza, alirusha mpira kutoka mita zaidi ya 10 na ukaingia kengele ikilia. Februari 15, North Carolina State: ushindi wa 56 kwa 55, kwa mpira ulioibwa na Fair kuumalizia zikiwa zimebaki sekunde 6.7. Februari 19, Boston College, timu iliyokuja ikiwa imepoteza mechi 19: wamefungwa nyumbani, 62 kwa 59, tena baada ya muda wa nyongeza. Februari 22, Durham: 60. Februari 24, Maryland: ushindi wa 57 kwa 55.

Mechi tano, siku 13. Pointi 58, 56, 59, 60, 57. Wastani: 58. Na mmoja wa michezo hiyo uliongezewa dakika.

Timu haikuwa na wachezaji dhaifu. Ennis alichukuliwa na NBA mwaka uleule, na Jerami Grant vilevile, ambaye aliendelea kucheza huko kwa miaka mingi. Tatizo lilikuwa jinsi vipande vilivyokaa pamoja. Mtu wa kutegemewa kwa mitupo ya mbali alikuwa mmoja, Trevor Cooney. Usiku mmoja wa Februari, dhidi ya Notre Dame, Cooney aliingiza mitupo tisa ya pointi tatu na kufikisha pointi 33. Mashabiki walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini angalia ubao wa siku ile: Syracuse 61, Notre Dame 55. Mtu mmoja alifunga zaidi ya nusu ya pointi za timu nzima. Ile haikuwa habari ya Cooney peke yake. Ilikuwa pia habari ya wengine wanne.

Wapinzani hawakuchelewa kuisoma. Ukishajua mrushaji ni mmoja, mpe mlinzi mmoja amgande kama kupe, wengine wanne uwarudishe ndani wajazane mbele ya ringi. Fair akitaka kupenya anakuta msitu. Grant akiruka anakuta mikono sita. Masenta wa timu walikuwa watu wa kuzuia na kuokota rebaundi, si wa kupewa mpira wakafunga, na mmoja wao, DaJuan Coleman, goti lilikuwa limemtoa katikati ya msimu. Basi kazi yote ikabaki mikononi mwa Ennis: kudunda, kudunda, kudunda, saa ya kurusha ikiyoyoma, halafu kujaribu kitu.

Saa hiyo nayo ilikuwa na neno. Msomaji aliyezoea ligi zetu, zinazofuata kanuni za kimataifa, amezoea sekunde 24. Vyuo vya Marekani wakati ule viliruhusu sekunde 35 kwa kila shambulizi, na Syracuse walizitumia. Ulinzi wao maarufu, zoni ya wawili mbele na watatu nyuma, nao uliwalazimu wapinzani kuzungusha mpira kwa muda mrefu wakitafuta tundu. Mchezo ukawa wa pole pande zote mbili. Milki za mpira zikawa chache.

Na hapa ndipo ilipo hoja ya sura hii nzima. Timu inayofunga kidogo humkuza refa.

Hesabu yake haihitaji chuo. Chukua mchezo ambamo kila upande unapata mashambulizi 60, na kila shambulizi lina thamani ya pointi moja hivi. Tofauti ya mwisho ni pointi mbili. Kipenga kimoja kibaya, kinachofuta kikapu kimoja, kimeumeza mchezo wote. Sasa chukua timu inayoshinda kwa 12. Kipenga kilekile, refa yuleyule, kosa lilelile, na hakuna atakayelikumbuka kesho asubuhi. Kosa la refa halina ukubwa wake lenyewe. Ukubwa wake linaazima kwenye pengo la matokeo. Anayeishi ndani ya pointi mbili kila usiku amejenga nyumba yake kando ya barabara, na siku gari likiacha njia atamlaumu dereva. Dereva ana kosa, ni kweli. Lakini nani aliyechagua kiwanja?

Mtu anaweza kusema haya ni maneno rahisi kwa mtazamaji. Basi tumtafute shahidi, na shahidi aliye bora ni Boeheim mwenyewe, katika chuo hichohicho, miaka mitano kabla.

Machi 12, 2009, Madison Square Garden, New York, robo fainali ya kongamano la Big East. Syracuse dhidi ya Connecticut. Katikati ya Connecticut alisimama kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye futi zaidi ya saba, ambaye miezi michache baadaye angechaguliwa wa pili katika usajili wa wapya wa NBA. Watanzania waliomfuatilia mwaka ule wanaijua mechi hii kwa sababu hiyo.

Mchezo ulikuwa 71 kwa 71, sekunde ya mwisho inakatika. Eric Devendorf wa Syracuse akarusha kutoka nje ya mstari. Ukaingia. Devendorf akapanda juu ya meza ya waamuzi kushangilia, na uwanja ukalipuka. Kisha marefa wakaenda kwenye skrini, wakarudia picha, wakaona mpira bado unagusa ncha za vidole wakati taa ya ubao inawaka. Wakakifuta kikapu.

Hebu fikiri. Umeshinda, umeshangilia, umepanda meza, halafu watu watatu wenye mashati ya mistari wanakwambia hujashinda. Kama kuna wakati wa kuvunjika moyo na kumsakama refa, ni huo. Wakaingia muda wa nyongeza wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Katika hiyo mitano yote Syracuse hawakuongoza hata kwa sekunde moja, na kila mara walisawazisha. Katika wa sita wakakimbia na mchezo, 127 kwa 117, saa saba usiku ikiwa imekwisha kupita. Jonny Flynn alicheza dakika 67 kati ya 70 na kufunga pointi 34.

Uamuzi wa kukifuta kikapu cha Devendorf ulikuwa sahihi, tena wa uungwana. Lakini hata ungekuwa wa makosa, timu ile ingeubeba, kwa sababu ilikuwa na watu wa kufunga: Flynn, Devendorf, Paul Harris, na wengine nyuma yao. Ukiinyang'anya kikapu kimoja, kinakuja kingine. Timu ya 2014, ikinyang'anywa kimoja, ilikuwa haina kingine ghalani.

Ilivyoendelea baada ya Durham ndiyo hukumu. Kama tatizo lingekuwa kipenga tu, Syracuse wangerudi kwenye reli. Badala yake Machi 1 walifungwa na Virginia 75 kwa 56, na siku tatu baadaye Georgia Tech wakaja kuwafunga nyumbani kwao. Kwenye mashindano ya kongamano lao waliondolewa katika mechi yao ya kwanza. Hakuna koti lililovuka katika mechi hizo. Hakukuwa na mtu wa kumvulia.

Wanamichezo wana haki ya kukasirika. Refa anayekosea akosolewe, kanuni mbovu ibadilishwe, na vyuo vya Marekani vimefanya hivyo: mwaka 2015 saa ya kurusha ikashushwa kutoka sekunde 35 hadi 30, mchezo ukakimbia, na pointi zikapanda. Lakini malalamiko ni dawa ya kidonda cha mtu mwingine. Kocha hawezi kumfundisha refa Jumatatu asubuhi. Anaweza kuwafundisha vijana wake kurusha. Nawe kocha wa shule, wa mtaa au wa chuo unayesoma hapa, siku ukitoka uwanjani unatetemeka kwa hasira, usianze na video ya faulo. Omba kwanza karatasi ya takwimu, uhesabu mitupo yenu mliyoikosa mkiwa wazi bila mtu wa kuwagusa. Ikizidi ile aliyowanyima refa, umeshajua kazi ya kesho.

Syracuse waliimaliza safari yao ya msimu ule katika mashindano ya taifa ya vyuo, mjini Buffalo, Machi 22, 2014, mbele ya Dayton, timu iliyopangwa ya 11 katika kundi lao wakati wao walikuwa wa tatu. Ennis alirusha wa mwisho, wa pointi tatu, wa kushinda mchezo, na ukakataa. Ulikuwa wa 10 wa aina hiyo kwa Syracuse siku hiyo. Katika 10 hiyo haukuingia hata mmoja. Walifungwa 55 kwa 53.